Neno la Chini ya Jina

“Hivi mwenzangu, mumeo sasa hivi yuko wapi?”

Aliyeuliza alikuwa mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke mnene ambaye pini hazimtoki mdomoni, na aliuliza juu ya ukuta kwa sauti ile ile anayoulizia kama maji ya bomba yametoka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amepata kazi ya kushona sare za kwaya ya kanisa la walokole, na wanakwaya waliokuja kupimwa walibishana mbele yake mchana kutwa juu ya wafu, nani amelala, nani amefika, nani anangoja, mpaka akaanza kuwahurumia wafu wake mwenyewe.

Mjane alikuwa anaanua nguo. Akasimama na shuka mkononi.

“Mungu ndiye anayejua.”

“Hilo hata mimi nalijua,” mshonaji akasema. “Ndiyo maana nakuuliza wewe.”

Mjane alikunja shuka, akalipanga juu ya mengine, akaingia ndani. Swali nalo likaingia naye. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo misa ya asubuhi, na padri aliposoma majina ya marehemu wanaoombewa, akalisikia jina la mumewe likipita katikati ya mengine, upesi, kama la mtu anayeitwa kwenye foleni ya zahanati.

Mumewe alikuwa fundi wa mawe ya makaburi. Si mawe hasa. Ni mabamba ya saruji yanayomwagwa kwenye fremu ya mbao, yakalainishwa mpaka yang'ae, kisha yakachorwa jina kabla hayajakauka. Watu walimwita Herufi, kwa sababu mkono wake ulinyooka kama chapa ya kiwandani. Aliwaandikia wote bila kuchagua dini. Amelala. Ametutangulia. Yuko kwa Bwana. Apumzike kwa amani. Akiulizwa yeye mwenyewe anaamini lipi, alikuwa akisema, “Mimi naandika nilichoagizwa. Kama wamekosea, watasahihishana huko huko.”

Sasa na yeye alikuwa huko huko, chini ya msalaba wa mbao ambao mvua ilikuwa imeshaosha jina lake. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Watu waliokwenda kutembelea jamaa zao, waliolala chini ya mabamba aliyoyaandika yeye, walipita pale wakachekea pembeni: kaburi la Herufi halina hata herufi moja. Mjane aliwasikia kwa masikio yake, akainama akaendelea kung'oa majani, kana kwamba yanazungumzwa ya kaburi jingine.


Aliyeleta saruji alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu.

Zamani ndugu hao wawili walifanya kazi katika ua huo huo, wakifundishwa na baba yao. Baba alipokufa alimwachia mdogo mwiko wake, mwiko mwembamba wa chuma uliolika kwa kazi mpaka ukawa mwepesi kama kisu cha kupakia siagi. Mkubwa alichukia. Aliondoka, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akaokoka, akawa mzee wa kanisa. Mwiko ulibaki ukining'inia kwenye msumari wa kibanda cha kazi, na ndugu wawili wakabaki wakisalimiana misibani tu. Mwishowe hata misibani wakawa wanapishana.

Sasa alisimama uani, mguu mmoja juu ya mfuko wa saruji, viatu vyake vimepigwa rangi.

“Shemeji, hii si ya kukopesha. Ni yangu kwa ndugu yangu. Sitaki mtu aje aseme aliachwa.”

“Mungu akuzidishie.”

“Jina na miaka hatuna ubishi. Tuzungumze neno la chini ya jina.” Alimgeukia kijana wa marehemu, ambaye ndiye fundi sasa, na ambaye mke wake alikuwa anakaribia kujifungua. “Mimi nimefikiria ‘Amefika kwa Bwana’. Fupi, na linatia moyo.”

“Mimi nimefikiria neno moja tu,” mjane akasema. “Mwombeeni.”

Kijana akaangalia chini. Shemeji akaondoa mguu juu ya mfuko.

“Aombewe nini?”

“Rehema.”

“Shemeji, mtu akishakufa faili lake limefungwa. Hakimu ameshasoma hukumu, wewe ndiyo kwanza unaleta mashahidi?”

“Kwani wanaokata rufaa huwa wanafanya nini?”

Upande wa pili wa ukuta, cherehani iliyokuwa ikilia tangu asubuhi ilinyamaza ghafla, na mtu akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Shemeji hakucheka. Alieleza polepole, kama anavyoeleza kwa mteja anayetaka nondo nyembamba kwenye nyumba ya ghorofa. Kanisa lao limenunua kiwanja cha kuzikia. Mabamba yote yatatoka kwa fundi mmoja, na yeye amewaambia wazee wenzake kwamba fundi huyo ni kijana huyu hapa. Kazi ya miaka. “Sasa watu wetu wanakwenda kuangalia mkono wake kwenye kaburi la baba yake, wanakuta kaburi ombaomba. Kila anayepita linamkingia mkono. Niwaambie nini?”

“Waambie ni la mume wangu, si la duka.”

“Mama,” kijana akasema, “ni neno tu.”

“Kama ni neno tu, mbona limewakaba koo nyote wawili?”

Kijana akautazama ua mtupu. Tangu baba yake afe, ua ulikuwa umetulia kama shule wakati wa likizo. Waliokuwa wakimfuata Herufi hawakumfuata mtoto wa Herufi.

“Tufanye hivi,” shemeji akasema. “Jumamosi, siku ya kumwaga, nitakuja na mwalimu wetu wa Biblia. Si mtu wa kelele. Atakaa nawe andiko kwa andiko. Ukinionyesha mahali palipoandikwa toharani, hiyo ya wafu kusafishwa kwanza kabla ya kufika, hilo neno lako nitalichora mimi, kwa mkono wangu huu. Ukishindwa, tunaandika langu, na hakuna kununa.”

“Nitawapikia chai,” mjane akasema.

Shemeji alilichukua hilo kuwa ni kukubali.


Mjane alikuwa ameishia darasa la saba, na Biblia yake aliisoma kwa kidole. Alikwenda kwa katekista wa kigango, akamkuta nyuma ya kanisa amepindua baiskeli, anaziba pancha.

“Toharani iko wapi?” akamuuliza.

Katekista alitafuta tundu kwenye beseni la maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Neno lenyewe hulikuti, mama. Hata ukisoma mpaka macho yatoke. Jambo lake ndilo lipo, hapa kidogo, pale kidogo.” Akamtajia. Kitabu cha pili cha Makabayo, mahali ambapo askari waliokufa walikutwa na hirizi za sanamu chini ya nguo, na wenzao wakakusanya sadaka ili waombewe. Paulo kwa Wakorintho, yule mtu ambaye kazi yake inaungua lakini mwenyewe anaokoka kama aliyepita motoni. Na Bwana mwenyewe akisema iko dhambi isiyosamehewa ulimwengu huu wala ule ujao. “Kwa hiyo ziko zinazosamehewa huko. Si ndiyo?”

“Nakuuliza wewe, halafu na wewe unaniuliza mimi.”

“Ndiyo,” katekista akasema. “Ndivyo tunavyofundisha.”

“Basi njoo Jumamosi uwaambie.”

“Jumamosi nina ndoa.” Akapuliza gundi. “Mama, usibishane nao. Wale wanameza aya kama vidonge. Wewe andika neno lako ukae kimya.”

Mjane alimshukuru. Njiani aliyarudia matatu yale kwa sauti ndogo, akitembea, mpaka dereva mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo akamuuliza kama anaumwa.


Jumamosi kijana alimwaga bamba mapema, kivulini. Mjane alimtazama kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa ameolewa na kazi ile muda mrefu, na ijapokuwa hakuwahi kushika ndoo ya saruji ila kuisogeza, aliyajua mambo yake kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe. Bamba likishalainishwa hung'aa kwa maji. Ukilichora wakati huo, herufi hujifumba. Unangoja mng'ao upotee, unabonyeza dole gumba; likiacha alama bila kunata, ndiyo saa yake. Ukichelewa, hata kwa patasi utavunja kingo tu. Marehemu hakuwa akila wala kupokea simu katika saa hiyo.

Kijana alilainisha kwa mwiko wa babu yake, akaupangusa, akaurudisha kwenye msumari. Kisha akachota saruji kavu kwenye kopo, akainyunyiza juu ya bamba, akasugua.

“Baba yako hakuwa ananyunyiza,” mjane akasema.

“Linang'aa zaidi hivi.”

“Na linawahi kushika.”

“Kidogo tu, mama.” Hakugeuka. Alichukua uzi, akapiga mistari, akakaa kungoja. Saa ilipofika aliandika jina na miaka, vizuri, kwa mkono uliofanana na wa baba yake isipokuwa kwenye mikunjo. Chini ya jina akaacha nafasi tupu. Wakati huo ndipo geti lilipogongwa.

“Bwana asifiwe,” shemeji akasema.

“Tumsifu Yesu Kristo,” mjane akajibu, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa amesalimu na hakuna aliyeitikia, wakabaki wanatazamana mpaka mwalimu wa Biblia akasema, “Amina kwa zote mbili.”

Alikuwa kijana mwembamba, mpole kweli, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Mjane alimpenda hapo hapo, na hilo lilimsumbua. Alimpa kiti kizuri. Mwalimu alitoa leso akakifuta kabla ya kukaa, si kwa dharau, ni mazoea. Lakini mjane alikuwa amekifuta mara mbili asubuhi hiyo, na alikiona kile kitambaa cheupe kikirudi mfukoni kikiwa cheupe vile vile. Chai ilipokuja, mwalimu aliiombea, akaiombea na nyumba, kwamba nuru iingie.

“Madirisha yako wazi,” mjane akasema.

Wakaanza. Mjane alitoa Makabayo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima. Kitabu hicho hakimo katika Biblia yao.

“Katika yangu kimo.”

“Ndiyo, mama. Lakini hata tukikikubali, wale askari walikutwa na sanamu. Hiyo, kwa mafundisho yenu wenyewe, ni dhambi ya mauti. Toharani si ya watu wa namna hiyo. Sasa waliombewa waende wapi?”

Mjane hakuwa amelifikiria hilo. Aliliona kuwa ni swali zuri. Akatoa la Paulo.

“Hapo Paulo anazungumza juu ya ujenzi,” mwalimu akasema. “Wahubiri wanajenga juu ya msingi. Mwingine anajenga kwa dhahabu, mwingine kwa majani. Moto unaijaribu kazi. Ni kazi inayoungua, mama, si mtu.”

“Lakini mtu yumo ndani.”

“Yumo, na anaokoka.”

“Anaokoka huku ananuka moshi.”

“Kwa lugha hiyo, ndiyo.” Mwalimu alitabasamu. “Lakini ni Siku ile, ya Bwana. Si mahali pa kukaa kungojea.”

“Siku hiyo ina urefu gani?”

“Biblia haisemi.”

“Basi tuiache hapo, mimi na wewe hatuijui.”

“Tuiache. Lakini kuna inayosema.” Akafungua. Hakuhitaji kutafuta; kurasa zilijipindua zenyewe. Mtu hufa mara moja, na baada ya hapo hukumu. Damu ya Yesu husafisha dhambi yote, si nusu yake. Na yule mwizi msalabani, ambaye hakuwa na muda wa kutubu vizuri, hakubatizwa, hakurudisha alichoiba, akaambiwa leo hii atakuwa peponi. “Leo, mama. Kama kuna mtu aliyestahili kupitishwa mahali pa kusafishwa kwanza, si alikuwa yeye?”

Mjane alikaa na kikombe mapajani. Alimfikiria yule mwizi, akafurahi kwa ajili yake.

“Hapo umenishika,” akasema.

Kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi. “Basi, mama. Yamekwisha.”

“Hayajakwisha,” shemeji akasema upesi. “Mwalimu, msomee na ile ya tajiri na Lazaro. Yote. Nataka aelewe, asije akasema tulimkimbiza. Halafu umweleze Waebrania tangu juu.”

Mwalimu alifungua tena. Mjane alishangaa. Mtu aliyekwisha kushinda hana haja ya sura nzima. Ndipo alipomwona shemeji akitazama, si Biblia, wala si yeye, bali juu ya bega la kijana, nje, kule kivulini.

Naye akatazama. Hata unyevu uliobaki ulikuwa umekauka juu ya bamba. Lilikuwa limekuwa la kijivu kutoka pembeni kwenda katikati, na kijivu kilikuwa kimeshaligusa jina; muda kidogo tu, na hakuna neno lolote litakaloingia, lake wala la shemeji.

Alikumbuka kopo la saruji kavu. Alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama kamba ya nguo.

“Nani alikwambia unyunyize?”

Kijana alilamba midomo. Mwalimu alinyanyua macho kwenye Biblia, akamtazama mzee wake wa kanisa, akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui ukurasa.

“Linyunyizwe nini?” akauliza.

Mjane aliweka kikombe chini. “Samahani, mwalimu. Endelea kusoma, nitakusikia kutoka huko.”


Alipiga magoti kwenye vumbi, na kitenge chake cha kutokea, akabonyeza dole gumba kwenye ile nafasi tupu. Liliacha alama hafifu, kama alama ya kidole kwenye vumbi la kabati. Akachukua ile ncha ya chuma ambayo mwanawe aliandikia jina.

“Shemeji, tulikubaliana,” sauti ikasema nyuma yake.

“Mimi nilisema nitapika chai. Chai umekunywa.”

Alianza na M. Saruji ilikataa, kisha ikatoa, na chembe zikaruka kando. Kingo hazikuwa nzuri. Hakuwa na mkono wa Herufi, alikuwa na mkono wa darasa la saba, na W yake ilikuwa na mguu mmoja mrefu. Aliegemea kwa bega zima. Upande wa pili wa ukuta hakukusikika cherehani wala kikohozi.

“Umeshindwa kwa Maandiko,” shemeji akasema. “Umekiri mwenyewe.”

“Nimekiri.” Hakuacha kuchora. “Mwalimu anajua kusoma kuliko mimi, na aliyosema sina la kuyajibu. Labda katekista analo, lakini ana ndoa. Sikuja kwenye hili neno kwa kusoma, shemeji. Nilimwombea mume wangu asubuhi ile alipokuwa anahema. Ulikuwa hujaniambia niache. Adhuhuri akafa. Nikaendelea pale pale nilipokuwa nimefika, hata sentensi sikuikata. Sasa nionyeshe ni katikati ya maneno gani nilitakiwa kunyamaza.”

Mwalimu alikuwa ametoka nje, Biblia imefungwa juu ya kidole chake. Kijana alikuwa akilia bila sauti, amejishika kichwa, kwa sababu ya baba yake au kwa sababu ya kazi ya miaka, yeye mwenyewe asingeweza kutenganisha.

“Mama, watakwenda kwa fundi mwingine,” akasema.

“Waende. Mwenye kuchagua fundi kwa kaburi la baba yake na si kwa mkono wake, siku ya kulipa atatafuta sababu nyingine.” Alipuliza vumbi kwenye E ya kwanza. “Lete maji kidogo, unyeshee hapa mwisho. Pameshakuwa jiwe.”

Kijana alisita kati ya mama yake na baba yake mkubwa. Kisha akaleta ndoo. Hakunyeshea, aliiweka chini karibu na goti la mama yake, akarudi nyuma.

Shemeji akaingia kibandani. Walimsikia akihamisha kitu, na alipotoka alikuwa ameshika mwiko wa baba yao. Aliushika vizuri, kidole gumba juu ya mpini, kama mtu ambaye hakuwahi kuuacha. Akauchovya kwenye ndoo. Wote pale walijua maana yake. Bamba likiwa katika hali ile, maji kidogo na mwiko ule mara mbili, na neno lingezibwa, na kesho lingekuwa jiwe tupu kuanzia kwenye miaka mpaka pembeni.

Mjane alimaliza I. Herufi zake za mwisho zilikuwa zimepanda kidogo, kama zinazotaka kutoka kwenye mstari. Aliweka chuma chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasogea pembeni kumpa nafasi.

“Futa,” akasema.

Shemeji alikuwa tayari kwa ubishi. Kwa hilo hakuwa tayari. Alisimama, maji yakidondoka kwenye ncha ya mwiko.

“Siku ile alikuita,” mjane akasema. Sauti yake haikupanda. “Alikuita mara ngapi sikuhesabu. Ulituma neno kwamba utakuja ukitoka ibadani. Ukaja ameshafunikwa. Sikulaumu, ibada ni ibada. Lakini mimi ndiye niliyekaa naye, nikaona alivyoondoka. Aliondoka na wewe kifuani, shemeji. Alikuwa na neno la kukwambia na hakulisema, na sijui kama lilikuwa la kukusamehe au la kukutukana. Hakuondoka mweupe. Hakuwa mtu mbaya pia. Mtu wa namna hiyo anapelekwa wapi, mimi sijui. Jirani yangu hapa aliniuliza, nikashindwa kumjibu.”

Nyuma ya ukuta kitu kilianguka, pengine kopo la pini.

“Wewe unasema amefika. Kama amefika, basi mambo yenu yamekwisha, hakuna anayeweza kumfanyia chochote, wala wewe. Kama unajua hivyo, unajua kama unavyojua jina lako, futa hilo neno, uandike lako. Nitakushikia uzi.”

Shemeji akainama. Alipiga goti moja upande wa pili wa bamba, na suruali yake nzuri ikaingia kwenye vumbi. Alisoma jina la mdogo wake. Alisoma miaka. Alilisoma lile neno lililopinda. Mwiko ulikuwa umekaribia saruji kiasi kwamba kivuli chake kiliigusa M.

“Mzee,” mwalimu akasema taratibu. “Mzee, tunaweza kuja siku nyingine.”

Hakusikia, au alisikia. Mkono wake ulikuwa imara, mkono wa fundi hautetemeki kwenye saruji mbichi. Alitoa ulimi akalowesha mdomo kama anayetaka kusema. Mjane alingoja. Angengoja mpaka saruji ishike, na kwa kweli ilikuwa inashika, kila mmoja pale aliiona ikifunga polepole, kijivu kikiwa cheupe kando ya herufi.

Shemeji akasimama. Akaenda kwenye ndoo, akauosha mwiko ambao haukuwa umegusa kitu, akaupitishia dole gumba upande huu na upande ule kama baba yao alivyowafundisha wote wawili, akaukausha kwenye shati lake. Akaingia kibandani, akautundika kwenye msumari wake. Akatoka, akampita mwalimu, akampita kijana, akafungua geti, akaenda zake.